Laptopu yangu inaona Wi-Fi za majirani wote isipokuwa ruta ya nyumbani kwangu: naomba msaada

Kijana wa Segerea (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo lililonisumbua kwa majuma matatu, na kabla sijatoa fedha nyingine kwa fundi nimeona nilieleze hapa kwa ukamilifu ili atakayependa kunisaidia asianze kwa kuniuliza yale ya mwanzo.

Nyumbani tumefungiwa intaneti ya faiba, na ruta tuliyopewa na kampuni imekaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Simu yangu, simu ya mke wangu, na laptopu mpya ambayo mdogo wangu huja nayo mwishoni mwa wiki, zote zinaiona ruta hiyo na kuitumia bila shida yoyote. Laptopu yangu mwenyewe, ambayo ni ya mtumba na niliinunua Kariakoo ikiwa imetoka Marekani (kibandiko cha maktaba ya chuo kimoja cha huko bado kimeng'ang'ania mgongoni mwake), haiioni hata kidogo. Naomba nieleweke vizuri hapa: sisemi kwamba inakataa nywila wala kwamba inaunganishwa halafu intaneti haifunguki. Jina la mtandao wetu halitokei kabisa kwenye orodha, hata nikiiweka laptopu juu ya kabati hilohilo, ruta ikiwa pembeni yake.

Kinachonishangaza ni kwamba inaona mitandao minane ya majirani, mmoja wao akiwa ng'ambo ya barabara, na nikiwasha hotspoti ya simu inaunganishwa mara moja. Fundi wa kwanza alinipigia Windows upya kwa shilingi 30,000 na hakuna kilichobadilika. Wa pili alisema kadi ya Wi-Fi inakufa taratibu, akataka 45,000 aweke nyingine.

Jambo moja la mwisho, ambalo huenda halina maana. Tatizo lilianza usiku ambao umeme ulikatika na kurudi. Juma lililopita umeme ulikatika tena, na uliporudi laptopu ikaiona ruta kama kawaida kwa siku nne. Kisha umeme ukakatika mara ya tatu na jina likapotea mpaka leo. Nilipomweleza fundi alicheka, akasema umeme ndio ulioiunguza kadi.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:

Mkuu, chukua pini, bonyeza kile kitundu kilicho nyuma ya ruta kwa sekunde kumi, mambo yataisha.

Fundi Mstaafu:

Kijana wa Segerea, ninakuomba usikiguse kitundu hicho, angalau kwa leo. Ruta ya faiba mara nyingi huwa imewekewa na kampuni jina la mteja na nywila yake ya kuingilia kwenye mfumo wao, na ukiirudisha ilivyotoka kiwandani unaweza kuyafuta hayo yote, ukabaki na nyumba nzima isiyo na intaneti huku ukisubiri zamu yako kwenye simu ya huduma kwa wateja. Hiyo ni hatua ya mwisho, na kwa maelezo yako sidhani kama tutaifikia.

Umefanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kutenganisha kutoona na kukataliwa. Laptopu kutouona mtandao, kuuona lakini ukaikataa, na kuunganishwa pasipo intaneti ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Wapo watakaokwambia ukaangalie kama ruta imeizuia laptopu yako kwa namba ya kadi yake. Kizuizi cha namna hiyo huzuia kuunganishwa tu. Jina lingeendelea kuonekana. Vivyo hivyo nywila isiyo sahihi, na vivyo hivyo bili isiyolipwa. Wewe jina halitokei, kwa hiyo yote hayo tunayaweka kando.

Kadi yako nayo si mfu. Kadi inayosikia mtandao wa jirani ng'ambo ya barabara haiwezi kuwa kiziwi kwa ruta iliyo nusu mita kutoka kwake, isipokuwa kama kuna kitu katika sauti ya ruta hiyo ambacho haijafundishwa kukisikiliza. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mawimbi ya ruta yako yana tofauti gani na yale manane ya majirani?

Kwenye laptopu fungua dirisha jeusi la amri, andika netsh wlan show drivers, kisha utafute mstari unaotaja aina za redio ambazo kadi inazimudu, uninukulie herufi zote. Halafu kwa kutumia simu ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani na nywila ya kuingilia huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Anwani mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tazama sehemu ya Wi-Fi, utuambie masafa ni 2.4 GHz au 5 GHz, chaneli ni ipi, na kama jina la mtandao limefichwa.

Kijana wa Segerea:

Shikamoo mzee, na asante kwa kunizuia, kwa sababu pini nilikuwa nimeshaitafuta.

Kwenye laptopu mstari unasema 802.11b 802.11g 802.11n, basi. Kwenye ruta masafa yote mawili yamewashwa na yanatumia jina moja. Jina halijafichwa. Kwenye 2.4 GHz chaneli imewekwa ijichague yenyewe, na chini yake kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba chaneli ya sasa ni 13. Kwenye 5 GHz chaneli ya sasa ni 44.

Mwalimu wa Hisabati:

Tatizo si limejitaja lenyewe hapo? Kadi isiyokuwa na 802.11a wala 802.11ac kwenye orodha yake ni ya 2.4 GHz pekee. Mkuu, laptopu yako haiwezi kuona 5 GHz hata ukiipigia Windows mara mia. Mimi nilinunua laptopu ya namna hiyo bila kujua, nikasumbuka miezi miwili.

Fundi Mstaafu:

Mwalimu, uko sahihi kuhusu kadi, na kama ruta yake ingekuwa imewashwa 5 GHz peke yake tungekuwa tumemaliza. Lakini ametuambia 2.4 GHz nayo imewashwa kwa jina hilohilo. Laptopu ilipaswa iione kwa mlango huo. Isitoshe, jambo la 5 GHz halielezi kwa nini tatizo linakwenda na kurudi kila umeme unapokatika. Kadi isiyo na 5 GHz haiipati kwa siku nne kisha ikaipoteza.

Mkononi mwetu tuna namba 13.

Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa katika chaneli zinazopishana kwa MHz 5. Ya kwanza imesimama kwenye 2412, ya 6 kwenye 2437, ya 11 kwenye 2462, ya 12 kwenye 2467 na ya 13 kwenye 2472. Nchi nyingi za dunia, zetu zikiwemo, hutumia chaneli 1 hadi 13. Marekani mambo ni tofauti. Huko chaneli 12 na 13 hazikupigwa marufuku moja kwa moja, ila masharti ya kuyalinda masafa yanayoanzia 2483.5 MHz, jirani yake kwa juu, ni makali kiasi kwamba watengenezaji wengi huona heri kuzizima kabisa kwenye vifaa wanavyoviuza katika soko hilo. Kadi iliyozimwa namna hiyo haizungumzi kwenye chaneli 13 wala haiisikilizi. Kwake, ruta iliyo kwenye chaneli 13 haipo duniani, hata ukiziweka kwenye kabati moja.

Sasa rudi kwenye jambo ulilosema huenda halina maana. Ruta iliyoambiwa ijichagulie chaneli kwa kawaida huchagua inapowaka: husikiliza majirani, kisha hukaa pale inapoona pana nafasi. Umeme unapokatika mtaa mzima, ruta zote huzimika na kuwaka pamoja, kila moja ikitafuta pa kukaa kwa wakati uleule. Usiku wa kwanza yako iliangukia 12 au 13. Mara ya pili iliangukia mahali fulani kati ya 1 na 11, ukapata siku nne za raha. Mara ya tatu ikarudi kulekule. Simu zenu na laptopu ya mdogo wako hazikujua lolote kwa sababu ziliuzwa kwa ajili ya soko letu.

Ondoa hali ya kujichagua, weka chaneli 11, upana uwe MHz 20, uhifadhi. Usizime chochote kingine, ili kama itapona tujue kilichoiponya.

Kijana wa Segerea:

Mzee, sina la kusema. Nilibadilisha chaneli kwa simu nikiwa sebuleni, simu ikakatika kwa muda mfupi na kurudi, nikatembea mpaka chumbani ilipokuwa laptopu. Nilipoinua kifuniko jina la mtandao wetu lilikuwa juu kabisa ya orodha, na mistari ya mawimbi imejaa. Mke wangu ameniuliza nimelipa shilingi ngapi safari hii.

Mwalimu wa Hisabati:

Hongera mkuu. Ningependa tuwe na uhakika zaidi kuliko "nimebadilisha na imepona", maana inawezekana ruta ilihitaji tu kuanza redio yake upya. Kama una flashi yenye Ubuntu (mfumo wa kompyuta wa bure, tofauti na Windows), iwashe laptopu kwa hiyo flashi bila kuipakia kwenye diski, fungua dirisha la amri, uandike iw list. Itakutajia chaneli zote ambazo kadi inaruhusiwa kutumia.

Kijana wa Segerea:

Nimeazima flashi kwa jirani na nimefanya hivyo usiku huu. Chaneli 1 hadi 11 kila moja ina namba ya nguvu ya mawimbi mbele yake. Mistari inayofuata ninainakili kama ilivyo:

2467 MHz [12] (disabled)
2472 MHz [13] (disabled)

Yaani zimezimwa. Nimejaribu pia kuiambia kwamba niko Tanzania kwa amri ya iw reg set TZ, na mistari hiyo miwili haikubadilika. Nikairudisha ruta kwenye 13 kwa makusudi, jina likapotea. Nikaiweka 11, likarudi. Nimefanya hivyo mara tatu, mpaka mke wangu akatoka chumbani kuuliza kwa nini tamthilia yake inakwama.

Fundi Mstaafu:

Huo ndio ushahidi. Haikubadilika kwa sababu kizuizi kimeandikwa ndani ya kadi yenyewe, na mfumo wa kompyuta unaweza kukiongezea masharti lakini hauwezi kukilegeza. Ndiyo maana Windows mpya haikukusaidia. Kadi nyingine ingekusaidia kwa bahati tu, kama isingekuwa nayo ya soko la Marekani; na kwenye maduka ya laptopu za mtumba, kadi anayokubadilishia fundi huwa imechomolewa kwenye laptopu nyingine ya mzigo uleule.

Nyongeza kwa watakaofikiria njia hiyo. Baadhi ya laptopu, hasa ThinkPad za miaka ya nyuma, zina orodha ya kadi zinazozikubali. Ukiweka isiyokuwamo, mashine hukataa kuwaka na hukuandikia kosa namba 1802. Uliza kabla ya kulipa.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:

Mimi nimejifunza na pini nimeirudisha kwenye droo. Lakini nauliza: nimepima kwa programu ya simu na hapa kwetu ghorofani chaneli 1, 6 na 11 zote zimejaa watu. Chaneli 4 haina hata mmoja. Kwa nini nisihamie huko nikakaa peke yangu?

Fundi Mstaafu:

Kwa sababu hutakuwa peke yako. Chaneli 4 imesimama kwenye 2427, na kwa upana wa MHz 20 inatandaa kutoka 2417 hadi 2437. Chaneli 1 inafika 2422, na chaneli 6 inaanzia 2427. Umekaa juu ya mapaja ya wote wawili. Mkiwa kwenye chaneli moja, ruta zenu husikilizana na kupeana zamu: mmoja akizungumza mwingine hungoja. Ukiwa katikati, sehemu yako imelala kwa huyu na sehemu kwa yule, mazungumzo yao kwako ni kelele tupu, na yako kwao ni kelele vilevile, basi kila mmoja anarudia maneno yake na wote mnakuwa polepole. Chagua kati ya 1, 6 na 11 ile ambayo majirani wake unawasikia kwa udhaifu zaidi, hata kama wako wengi. Na kama vifaa vyako vina 5 GHz, hamia huko ukaachane na msongamano.

Binti Kisauni:

Habarini. Niko Mombasa, na yangu inafanana na hii kwa mbali. Laptopu yangu haioni mtandao wowote, si wa nyumbani si wa jirani, na ile alama ya Wi-Fi pale pembeni imegeuka tufe dogo. Nimebadilisha chaneli ya ruta kama mlivyoelekeza na haikusaidia. Juzi jioni niliizima ikiwa nzima.

Kijana wa Segerea:

Dada pole. Kwa nilivyofundishwa hapa, yako ni ugonjwa mwingine, kwa sababu wewe huoni hata mmoja. Chaneli haihusiki, na ruta yako ninadhani haina kosa lolote. Ngoja mzee aje.

Fundi Mstaafu:

Kijana amejibu sawasawa. Binti, anza na yaliyo rahisi. Tazama kama kuna kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara kwenye safu ya juu ya kibodi, na kama laptopu ni ya zamani pitisha kidole kwenye kingo zake zote, kwani nyingine zina swichi ndogo ya kusogeza ambayo huguswa na begi pasipo mwenyewe kujua.

Kama si hayo, chagua kuwasha upya, usichague kuzima. Watu wengi hudhani kuzima ndiko kunakosafisha zaidi, ilhali kwenye Windows za sasa mambo ni kinyume: unapoizima kwa njia ya kawaida, sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwahi kuamka kesho, na draiva (programu inayoiendesha kadi) iliyokwama jana huhifadhiwa na kukwama kwake. Kuwasha upya huanza kila kitu mwanzo. Ukiona bado, fungua Device Manager (orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta) uone kama kadi ya Wi-Fi imeorodheshwa, na kama ina alama ya njano.

Binti Kisauni:

Nimeiwasha upya na mitandao yote imerudi. Siku mbili nzima nimekuwa nikiizima na kuiwasha, nikidhani ni kitu kilekile. Asanteni sana, na Mungu awazidishie.

Mkaa Muscat:

Ninaongeza kisa cha tatu, kwa kuwa uzi huu utasomwa na wengi. Huku Muscat tulibadilishiwa ruta ikaletwa ya Wi-Fi 6, na siku hiyohiyo laptopu ya mwanangu ikaacha kuiona, ingawa chaneli ilikuwa 6 na majirani iliwaona wote. Kadi yake ni ya Intel ya kizazi cha kabla ya Wi-Fi 6. Intel yenyewe imeeleza kwamba baadhi ya draiva zake za zamani haziuelewi mtandao wa 802.11ax, ambalo ndilo jina la kitaalamu la Wi-Fi 6, na hivyo hazilionyeshi jina lake. Nilifanya mambo mawili. Kwanza niliingia kwenye ruta na kuizima hali ya 802.11ax kwa 2.4 GHz, jina likatokea. Pili nikashusha draiva mpya, nikairudisha hali ile, na jina likabaki. Ukiwa huna njia nyingine ya intaneti, chomeka simu kwenye laptopu kwa kebo ya USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB, na laptopu itaichukua kama waya wa kawaida bila kuhitaji Wi-Fi yoyote.

Kijana wa Segerea:

Mrejesho baada ya majuma sita. Umeme umekatika mara nyingi na laptopu haijaipoteza ruta, isipokuwa asubuhi moja jina lilipotea tena. Nikaingia kwenye ruta na kukuta chaneli imerudi kujichagua, na tarehe ya programu ya ruta imebadilika. Kampuni ilikuwa imeisasisha kutoka kwao na mipangilio yangu ikafutwa. Nimeiweka 11 upya. Chini ya ruta, pembeni ya kile kibandiko, nimeandika 11 kwa kalamu ya wino mzito, ili hata kama sipo mke wangu ajue pa kuanzia.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu:

Swali la mwisho, mkuu, usichoke. Ndugu yangu ana kifaa cha kurefusha mawimbi ukumbini, na juu yake kuna televisheni aliyotumiwa kutoka Marekani. Kuna siku inashika na kuna siku haishiki. Kifaa hicho nacho kina chaneli yake?

Fundi Mstaafu:

Vifaa vingi vya namna hiyo, hasa vya bei ya chini, hurudia mawimbi kwenye chaneli ileile ya ruta kuu, kwa hiyo ruta ikihamia 13 navyo huifuata. Mwambie asiiguse televisheni. Aanzie kwenye ruta.